Namba za id zinapogoma: dalili, visababishi na tiba katika PostgreSQL na MySQL

Simu za namna hii huja baada ya saa za kazi. Kijana wa mauzo amepiga picha skrini ya kompyuta, picha imepinda, taa imemulika katikati, ila maneno mekundu yanasomeka: duplicate key value violates unique constraint. Chini yake kaandika: "Kaka, mfumo umegoma, wateja wako foleni." Na mchana wa siku hiyohiyo mfumo ulikuwa mzima.

Nimekusanya hapa hitilafu zinazonifikia tena na tena kuhusu namba za utambulisho, zile id ambazo hifadhidata huzitoa yenyewe kila rekodi mpya inapoingia. Mifano ni ya PostgreSQL na MySQL, kwa kuwa ndizo wanazotumia wengi wanaoniuliza. SQL Server, Oracle na SQLite nitazigusa pale zinapoachana njia na hizo mbili. Jedwali la mfano linaitwa wateja, na safu yake ya ufunguo mkuu (primary key, inayoitofautisha kila rekodi) ni id.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Katika PostgreSQL namba hutoka kwenye sikwensi, kitu kinachojitegemea nje ya jedwali na chenye jina lake, mara nyingi wateja_id_seq. Katika MySQL kuna kaunta ya AUTO_INCREMENT inayotunzwa na InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data. Zote mbili zinafanya kazi kama kile kimashine cha tiketi za foleni benki. Ukibonyeza unapata namba, na mashine haijui wala haijali kama ulihudumiwa au ulichoka kusubiri ukaenda zako. Ahadi yake ni moja: namba uliyopewa hatapewa mwingine. Haijaahidi kwamba namba zitafuatana bila kuruka, wala kwamba mwenye namba ndogo ndiye aliyetangulia kuhudumiwa. Hitilafu karibu zote zilizo hapa chini zinatokana na mtu kudai ahadi ambayo haikutolewa, au kuzunguka nyuma ya mashine na kuandika tiketi kwa mkono.

Kabla hujagusa chochote

Chukua bakapu, kisha andika mahali namba mbili: id kubwa kuliko zote iliyomo kwenye jedwali, na mahali kaunta ilipofika. Kwa PostgreSQL:

SELECT max(id) FROM wateja;
SELECT last_value, is_called FROM wateja_id_seq;

Kwa MySQL:

SELECT MAX(id) FROM wateja;
SHOW CREATE TABLE wateja;

Kwenye MySQL 8.0 usiisome kaunta kutoka information_schema.tables. Taarifa za pale huhifadhiwa hadi sekunde 86400, yaani siku nzima, kwa hiyo unaweza kusoma namba ya jana ukaifanyia maamuzi ya leo.

Angalia pia aina ya safu: ni integer, bigint au kitu kidogo zaidi? Utaihitaji tukifika dalili ya tatu.

Dalili ya 1: Rekodi mpya inakataliwa kwa sababu ya namba iliyokwisha kutumika

PostgreSQL husema duplicate key value violates unique constraint "wateja_pkey". MySQL husema Duplicate entry '41' for key 'PRIMARY', na kuanzia 8.0.19 hutanguliza jina la jedwali kwenye jina la ufunguo.

Soma ujumbe wote hadi mwisho kabla ya kufanya lolote. Jina la kizuizi (constraint) ndilo linalokwambia ugonjwa ulipo. Ukiona wateja_simu_key badala ya wateja_pkey, tatizo ni namba ya simu iliyosajiliwa mara mbili na kaunta haina kosa. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kurekebisha sikwensi mara tatu usiku mmoja, nikilaani PostgreSQL, kumbe mteja mmoja alikuwa anasajiliwa upya kwa simu ileile.

Kisababishi kinachoongoza: data iliyoingia na namba zake mkononi. Mtu kahamisha wateja kutoka mfumo wa zamani, au kapakia faili la CSV lenye safu ya id. PostgreSQL inazipokea rekodi hizo bila kinyongo, lakini sikwensi haisogei hata hatua moja kwa sababu haikuombwa namba. Jedwali lina wateja hadi wa 100, sikwensi bado inadhani iko 40. Mteja mpya wa kwanza anapewa 41, na 41 ana mwenyewe.

Alama ya ugonjwa huu ni rahisi kuitambua: kila ukijaribu tena, namba inayolalamikiwa hupanda kwa moja. Key (id)=(41) already exists, halafu 42, halafu 43. Kila jaribio linateketeza tiketi moja hata likishindwa. Ndiyo maana kwenye duka moja la jumla nilikuta keshia amekwisha kuwafundisha wenzake kwamba mfumo ukigoma unabonyeza Hifadhi "mpaka uchoke, utakubali tu." Alikuwa sahihi kabisa. Alikuwa anaisogeza sikwensi kwa kidole mpaka ikaipita namba kubwa ya jedwali.

Tiba ya kitaalamu ni mstari mmoja, ila ufanye wakati hakuna anayeandika kwenye jedwali:

BEGIN;
LOCK TABLE wateja IN EXCLUSIVE MODE;
SELECT setval(pg_get_serial_sequence('wateja', 'id'), COALESCE((SELECT max(id) FROM wateja), 0) + 1, false);
COMMIT;

Hilo false la mwisho lina maana yake: tiketi itakayotoka sasa ni namba hiyohiyo uliyoiweka, wala si inayofuata. COALESCE inakuokoa jedwali likiwa tupu. Na jua kwamba setval hairudi nyuma hata ukighairi muamala (transaction, kundi la amri linalokubaliwa lote au kughairiwa lote), kwa hiyo hakikisha umelitaja jedwali sahihi kabla ya kubonyeza Enter.

Kama pg_get_serial_sequence inarudisha NULL, sikwensi haimilikiwi na safu hiyo. Tazama \d wateja ujue ni sikwensi ipi inayotajwa kwenye thamani ya msingi (Default), kisha uzifungamanishe:

ALTER SEQUENCE wateja_id_seq OWNED BY wateja.id;

Kwa MySQL kisababishi hiki ni nadra, kwani ukiingiza rekodi yenye id kubwa, kaunta husogea yenyewe. Kuna mlango mmoja wa nyuma kwenye 5.7 na matoleo ya kabla yake: ukibadilisha id kwa UPDATE ikawa kubwa kuliko kaunta, kaunta haina habari, na siku itakapofika pale itagonga ukuta. Kwenye 8.0 mlango huo umefungwa.

Kisababishi cha pili: programu inajihesabia yenyewe. Msimbo unasoma MAX(id), unaongeza moja, unaandika. Ukiwa peke yako kwenye kompyuta yako haukosei kamwe. Sasa weka makeshia wawili. Wa kwanza anasoma 900. Kabla hajaandika, wa pili naye anasoma 900. Wote wawili wanaandika 901, mmoja anapita, mwingine anapigwa maandishi mekundu. Utaitambua kwa tabia yake: hutokea saa za msongamano tu, namba haina mpangilio, na ukijaribu tena inakubali mara moja. Dawa ni kuufuta msimbo huo na kuiachia hifadhidata kazi yake. Usijaribu kuuponya kwa kuweka kusubiri milisekunde kadhaa. Nimeona hata hilo.

Kisababishi cha tatu, kwa wanaotumia Java: Hibernate, maktaba inayoiunganisha programu na hifadhidata, huchukua namba kwa mafungu, na fungu la kawaida la allocationSize ni 50. Sikwensi ikiwa inapanda kwa 1 huku programu ikidhani inapanda kwa 50, namba zitagongana, na wakati mwingine utaona hata namba hasi. Linganisha pande mbili: ama ALTER SEQUENCE wateja_id_seq INCREMENT BY 50, ama allocationSize = 1.

Cha mwisho, na ni cha nadra: mtu aliirudisha sikwensi nyuma kwa RESTART, au iliundwa na CYCLE, ikamaliza mzunguko na kuanza upya.

Ukitaka kuwafungia mlango wanaoandika tiketi kwa mkono, PostgreSQL 10 ya mwaka 2017 ilileta GENERATED ALWAYS AS IDENTITY. Anayejaribu kuingiza id yake hukatazwa kwa ujumbe cannot insert a non-DEFAULT value into column "id", mpaka aandike OVERRIDING SYSTEM VALUE kwa makusudi. Lakini amri ya COPY hupita bila kuulizwa, kwa hiyo baada ya kupakia data kwa COPY bado utahitaji setval.

SIMAMA HAPA: ukikuta rekodi mbili zenye id moja ndani ya jedwali, angalia kwanza kama ufunguo mkuu upo kweli. Serial, ile aina ya safu inayojichukulia namba kwenye sikwensi, peke yake haizuii marudio. Kinachozuia ni PRIMARY KEY au UNIQUE. Kama ufunguo upo na marudio yapo vilevile, faharasa (index) imeharibika, na huenda diski nayo. Zima programu zinazoandika, usifute rekodi hata moja, mwite mtaalamu wa hifadhidata.

Dalili ya 2: Namba zinaruka

Hii huletwa na mhasibu. Nilimkuta wangu ameprinti orodha ya mauzo ya mwezi, amezungushia kalamu nyekundu 4417, 4418 na kisha 4420, pembeni ameandika "4419 IKO WAPI?" na alama tatu za kuuliza. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Katika akili yake, keshia amefuta mauzo na kutia fedha mfukoni.

Hakuna aliyefuta. Namba hutolewa nje ya muamala: muamala ukighairiwa kwa sababu mtandao umekatika au mzigo haupo stoo, rekodi hairudi na tiketi hairudi pia. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kama kaunta ingesubiri kila muamala uishe ndipo itoe namba nyingine, makeshia wote wangepanga foleni nyuma ya mmoja mwenye mtandao mbovu.

Ukubwa wa ruko unakwambia mengi, hivyo upime kabla ya kumtuhumu mtu:

Ruko la moja au mbili hapa na pale ni miamala iliyoghairiwa. Usijisumbue.

Kama namba zinakimbia mamia kwa saa huku rekodi zinazoingia ni chache, tafuta ON CONFLICT kwenye PostgreSQL, au INSERT IGNORE na ON DUPLICATE KEY UPDATE kwenye MySQL. Amri hizi huchukua tiketi kwanza ndipo zigundue kwamba rekodi ipo. Kazi inayojirudia kila dakika kusawazisha bidhaa 2000 ambazo tayari zipo inateketeza tiketi 2000 kila dakika.

Ruko la takriban 32 kwenye PostgreSQL linaashiria seva ilianguka ghafla, tuseme umeme ulikatika. Sikwensi huandika kwenye logi yake namba 32 mbele ili isiguse diski kila mara, na ikiamka baada ya kuanguka huanzia hapo mbele.

Ruko la karibu 1000 kwenye SQL Server kwa safu ya int, au 10000 kwa bigint, lina historia ileile: seva ilizimika bila kuaga, na akiba ya namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu ikapotea. Kwenye Oracle akiba ya kawaida ya sikwensi ni 20.

Namba zinazokwenda 1, 3, 5, 7 bila kukosa ni mpangilio wa auto_increment_increment wa MySQL, mara nyingi kwenye seva zilizounganishwa. Ziache.

Sasa, mhasibu anayo hoja. Namba za risiti au ankara zinatakiwa zifuatane, na id haiwezi kumpa hilo. Tengeneza safu nyingine kwa ajili hiyo, na kaunta yake katika jedwali la kawaida:

BEGIN;
UPDATE kaunta SET mwisho = mwisho + 1 WHERE aina = 'risiti' RETURNING mwisho;
INSERT INTO risiti (namba, mteja_id, kiasi) VALUES (4421, 17, 35000);
COMMIT;

Namba 4421 hapo ndiyo iliyorudishwa na UPDATE. Hapa kaunta imo ndani ya muamala, kwa hiyo ukighairi, nayo inarudi. Bei yake ni kufuli: tangu UPDATE mpaka COMMIT hakuna keshia mwingine anayepata namba. Basi muamala uwe mfupi kama salamu ya njiani. Usithubutu kusubiri jibu la malipo ya simu ukiwa katikati yake, maana siku mtandao wa malipo ukilala, duka zima linalala nalo. Risiti iliyokosewa iwekewe alama ya kubatilishwa, isifutwe. Kwa MySQL, ambayo haina RETURNING kwenye UPDATE, andika SET mwisho = LAST_INSERT_ID(mwisho + 1) kisha uisome kwa SELECT LAST_INSERT_ID().

Kwa walioko Tanzania: mashine ya EFD ina hesabu yake ya risiti. Ihifadhi kwenye safu yake. Usijaribu kuilazimisha ilingane na id, hizo ni hesabu mbili za watu wawili.

ONYO: usipange upya id ili kuziba mapengo. Namba hizo zimekwisha kuingia kwenye majedwali mengine na kwenye karatasi zilizo mikononi mwa wateja. Pengo halimuumi mtu, lakini mauzo ya Asha yakihamia kwa Juma mtaenda mbali.

Dalili ya 3: Namba zimeisha

PostgreSQL husema nextval: reached maximum value of sequence, ikifuatiwa na 2147483647, au husema tu integer out of range. MySQL hudanganya kidogo: inasema Duplicate entry '2147483647' for key 'PRIMARY', ukadhani ni dalili ya kwanza. Ukiona namba hiyo, au 4294967295 ya int isiyo na hasi, acha kuhangaika na marudio. Umefika mwisho wa barabara.

Wakubwa nao yamewakuta. Slashdot ilijaza mediumint yake, yenye kikomo cha 16777215, kwenye maoni ya wasomaji Novemba 2006. Basecamp ilikaa saa karibu tano bila kuweza kuandika chochote tarehe 8 Novemba 2018, baada ya jedwali lake la matukio kufika 2147483647. GitHub ilipata mtikisiko wa aina hiyohiyo Mei 2020.

Kwa mifumo yetu midogo sababu kubwa si wingi wa rekodi. Ya kwanza ni aina ndogo iliyochaguliwa kwa kubahatisha. Mtu aliandika tinyint(3) akidhani tarakimu tatu zinamfikisha 999. Haimfikishi, tinyint hukoma 127, na ile 3 ilihusu tu upana wa kuonyesha. Bidhaa ya 128 inakataa kuingia. Sababu ya pili ni uteketezaji wa tiketi niliousema juu. Ukiteketeza 100 kwa sekunde, integer inakwisha kwa siku 248 hivi, hata kama jedwali lina rekodi elfu kumi tu.

Angalia umefika wapi kabla hujafika. PostgreSQL 10 na kuendelea:

SELECT sequencename, last_value, max_value FROM pg_sequences ORDER BY last_value::numeric / max_value DESC NULLS LAST;

MySQL 5.7 na kuendelea ina sys.schema_auto_increment_columns, yenye safu ya auto_increment_ratio. Inayokaribia 1 ndiyo ya kuogopa. Kwa PostgreSQL kuna mtego: sikwensi yaweza kuwa bigint huku safu yenyewe ni integer. Hapo orodha itakuonyesha nafasi tele ilhali safu iko ukingoni. Linganisha zote mbili.

Tiba ya kweli ni bigint, ambayo kikomo chake ni 9223372036854775807. Kwa jedwali dogo:

ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN id TYPE bigint;
ALTER SEQUENCE wateja_id_seq AS bigint;

Na usisahau majedwali yanayomrejelea mteja: mauzo.mteja_id ikibaki integer, umehamisha tatizo chumba cha pili.

SIMAMA HAPA: ALTER TABLE ya namna hiyo huliandika jedwali zima upya na kulifungia, hata kusoma hakuruhusiwi mpaka iishe, na inahitaji nafasi ya diski ya kutosha nakala nzima. Jedwali la makumi ya mamilioni ya rekodi linalohudumia watu si la kujaribia saa nne asubuhi. Mtaalamu ana njia ya kuongeza safu mpya, kuijaza polepole, kisha kubadilishana majina. Kama moto unawaka sasa hivi, PostgreSQL inakubali kupumua kwa muda upande wa hasi:

ALTER SEQUENCE wateja_id_seq MINVALUE -2147483648 RESTART WITH -2147483648;

Unapata namba bilioni mbili nyingine za kuvutia pumzi, mradi programu yako haishtuki ikiona -2147483648 na haipangi orodha kwa id. Jaribu kwanza kwenye nakala.

Dalili ya 4: Mauzo yanaingia kwa mteja mwingine

Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa haina maandishi mekundu. Mfumo unatabasamu. Unagundua baada ya miezi, mteja anapolalamikia deni asilolijua.

Kisababishi cha kawaida: baada ya kumwingiza mteja, programu inauliza SELECT max(id) FROM wateja ili ijue amepewa namba ngapi. Katikati ya amri hizo mbili keshia wa pili naye kaingiza mteja wake, na max ni ya huyo. Ukaguzi mwepesi ni kutafuta max(id) kwenye msimbo wote. Popote unapoikuta baada ya INSERT, ing'oe, uweke:

INSERT INTO wateja (jina, simu) VALUES ('Asha', '0700000000') RETURNING id;

MySQL hutumia LAST_INSERT_ID(), ambayo ni ya muunganisho wako peke yako, haisomi ya jirani. Ila kuna mashimo mawili. Ukiingiza rekodi kadhaa kwa amri moja inakupa id ya kwanza, si ya mwisho. Na programu inayochota miunganisho kutoka bwawa moja la pamoja (connection pool) inaweza kuingiza kwa muunganisho huu na kuuliza kwa mwingine. Utapata 0, au id ya kazi nyingine kabisa. Weka amri zote mbili ndani ya muamala mmoja. Kwenye PostgreSQL kosa hilohilo kwa currval hujitokeza kwa ujumbe currval of sequence is not yet defined in this session, na ukiuona ushukuru, maana umeambiwa.

Kwenye SQL Server, mshukiwa wa kwanza ni @@IDENTITY. Jedwali likiwa na triga (amri inayojiendesha yenyewe rekodi inapoingia) inayoandika kwenye jedwali la kumbukumbu, utarudishiwa id ya kumbukumbu. Tumia SCOPE_IDENTITY().

SIMAMA HAPA: data ikiwa imekwisha kuchanganyika, rekebisha msimbo ili uharibifu usiendelee, kisha achana na data. Usianze kurudisha mauzo kwa wenyewe kwa UPDATE za kukisia. Hifadhi logi na bakapu za vipindi vyote, na uwaite mtaalamu na mhasibu wakae meza moja.

Dalili ya 5: "permission denied for sequence" na ndugu zake

Mtumiaji wa programu amepewa ruhusa ya jedwali, akasahauliwa kwenye sikwensi:

GRANT USAGE ON SEQUENCE wateja_id_seq TO mfumo;

Safu za IDENTITY hazidai ruhusa hii ya pili, sababu nyingine ya kuzipenda kuliko serial.

Ukiona null value in column "id", au Field 'id' doesn't have a default value kwa MySQL, jedwali limepoteza kaunta yake. Kwa PostgreSQL mara nyingi lilinakiliwa kwa CREATE TABLE AS, ambayo huchukua data na kuacha funguo na kaunta nyuma, kisha ufunguo mkuu ukarudishwa bila kaunta.

Dalili ya 6: Namba ya aliyefutwa inarudi

MySQL 5.7 na ya kabla yake iliiweka kaunta kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) tu. Seva ikizimwa na kuwashwa, ilihesabu upya kutoka id kubwa iliyopo. Ukimfuta mteja wa 500 aliyekuwa wa mwisho, ukawasha upya seva, mteja mpya anarithi 500 pamoja na madeni yaliyobaki kwenye jedwali la kumbukumbu. MySQL 8.0, iliyotoka 2018, huihifadhi kaunta. SQLite nayo hurudia namba ya juu iliyofutwa mpaka uandike AUTOINCREMENT. Na TRUNCATE hurudisha kaunta mwanzo kwenye MySQL, wakati PostgreSQL haifanyi hivyo mpaka useme RESTART IDENTITY.

Dalili ya 7: Matawi mawili, namba moja

Tawi la Arusha na la Dar es Salaam yanauza kila moja kwa seva yake, usiku yanaunganisha data, na wote wana mauzo ya 1 hadi 300. Njia nyepesi kwa MySQL ni kuziachanisha: auto_increment_increment = 10 kwa wote, auto_increment_offset = 1 kwa huyu na 2 kwa yule. Weka 10 hata kama matawi ni mawili, tawi la tatu likifunguliwa lipate nafasi. Mimi binafsi hupendelea ufunguo wa safu mbili, tawi_id na id, kwa sababu ukisoma rekodi unajua imetoka wapi.

Kama una seva ya akiba ya PostgreSQL inayolishwa kwa urudufu wa kimantiki (logical replication), jua kwamba hadi toleo la 18 hali ya sikwensi haivuki. Siku utakapohamia kwenye akiba, endesha setval kwa kila jedwali kabla ya kuwafungulia watu, ama utarudi dalili ya kwanza.

Dalili ya 8: Tarakimu za mwisho zinabadilika kwenye kivinjari

Hifadhidata ina 9007199254740993, ukurasa unaonyesha 9007199254740992. Hifadhidata haina kosa. JavaScript inahesabu kwa uhakika hadi 9007199254740991 tu, na juu ya hapo hukadiria. Twitter ilipohamia namba za biti 64 mwaka 2010 ilianza kutuma kila id pia kama maandishi, kwa sababu hiyohiyo. Fanya hivyo kwenye API yako. Excel ni mbaya zaidi, hutunza tarakimu 15 na kugeuza zilizobaki kuwa sifuri, kwa hiyo faili lililopita mikononi mwa Excel usilirudishe kwenye hifadhidata bila kuangalia safu ya id.

Unapompigia mtaalamu

Mtumie toleo la hifadhidata, zile namba mbili ulizoandika mwanzo na aina ya safu, saa tatizo lilipoanza, na kila kilichofanywa siku hiyo hata kama unaona hakihusiani, hasa kama kuna aliyepakia data. Ujumbe wa hitilafu unakili wote kama maandishi, ukiwemo ule mstari wa DETAIL ambao kwenye picha ya simu huwa umekatwa.